Aliyeokotwa Mara Mbili

Kinoo, kwa Nyakio, mlango wa tatu
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mjukuu wangu Millicent,

Miaka sita. Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa Krismasi, na hesabu ni ile ile. Basi la kutoka Wajir linaingia Nairobi kila siku limejaa watu ambao hawana nyanya hata mmoja huku, na wewe uliye naye hupandi. Usiniambie ni mbali. Mbali ni alikokwenda mama yako, na yeye huja. Hilo nitakueleza, lakini kwanza tusalimiane kama watu.

Hujambo? Vumbi la huko limekiachia kifua chako nafasi? Unakula chakula cha kutafuna, au unashinda na chai kama ulivyokuwa ukifanya wakati wa mitihani? Mume wako Ryan hajambo? Mwambie sina kinyongo naye, ingawa Pasaka hakunipigia simu. Mimi ni mzima. Goti la kushoto limekataa ngazi, meno yamebaki saba na yanagawana kazi, macho yanaona mbali kuliko karibu. Namshukuru Mungu.

Mwandiko usiucheke. Herufi hizi ulinifundisha wewe mwenyewe ukiwa darasa la tatu, kwa kijiti, kwenye majivu ya jiko. Mimi dawati sikulikalia hata siku moja, kwa hivyo naandika kama ninavyosema. Barua hii imenichukua siku tisa. Ningepiga simu, lakini simu ungeikata nikifika katikati, na katikati ndiko kwenye maneno.

Najua kwa nini huji. Siku tuliyomzika mama yako ulisema ukweli wako mbele ya wanawake, kwamba wewe na Ryan mmekubaliana hamzai. Mimi nikakuambia, nao wote wakisikia, kwamba umemfungia mama yako mlango. Uliosha sufuria zote za matanga, ukazifunika kifudifudi, ukaondoka. Sufuria zile nilizikuta zinang'aa hata mgongoni, nikajua umekasirika sana.

Wewe umesoma, labda desturi yetu umeiweka kabatini. Mtu wetu aliyekufa akitaka kurudi nyumbani, huja usingizini kwa mzee na kuomba aitwe. Mtoto akizaliwa akalia bila sababu, mzee huwataja waliotutoka, mmoja mmoja, na jina lenyewe likifika mtoto hunyamaza. Wewe mwenyewe ulilia siku mbili, mpaka nilipomtaja mama yake babu yako Zadock. Ukanyamaza, ukapiga chafya.

Sasa, tangu mama yako azikwe, nikijilaza kidogo baada ya chakula cha mchana naota mfereji. Ni ule wa uani hapa kwetu, siku ya mgao wa maji. Watu wamepanga foleni na mitungi. Hakuna anayesukuma, hakuna anayesema kitu. Zadock yupo, amevaa koti lake la mvua na jua linawaka. Watoto wangu watatu waliokufa kabla mama yako hajazaliwa wapo, wadogo vile vile, wameshikilia mtungi mmoja. Nyuma yao ni mama yako na mtungi wa manjano. Maji hayatoki. Wote wananitazama mimi, kana kwamba ufunguo wa mfereji uko mfukoni mwangu. Kila mwaka foleni hurefuka, na hakuna anayeondoka.

Nilianza kuelewa kwa sababu ya kazi yangu. Unajua nilifua nguo za watu Muthangari miaka thelathini, hadi goti liliponistaafisha mwaka juzi. Kamba ya nguo haifichi kitu. Nilipoanza, juu ya magorofa yale kamba zilijaa soksi za ukubwa wa kidole gumba, nikawa naishiwa vibanio. Kisha zikapungua. Ikafika siku nikaanika jengo zima, shuka na suruali za kukimbilia asubuhi, na sikuona kitu kifupi hata kimoja. Halafu mwezi mmoja nikaona kijikoti chekundu chenye mikono minne. Nilifurahi peke yangu pale juu, nikadhani wamezaliwa mapacha. Kilikuwa cha mbwa.

Nikajiambia hayo ni mambo ya Muthangari, ya watu wa magari. Lakini kile kitu kinafuata barabara, Millicent. Kimepanda Waiyaki Way kama mtu anayetembea bila haraka. Nilikiona Kangemi, kamba zikipungukiwa. Kikaingia Uthiru. Sasa kiko hapa Kinoo. Ploti hii ina milango kumi na minne, na mlipokuwa wadogo mlikuwa watoto ishirini na tisa, mlimvunjia Nyakio dirisha mara nne. Leo shule zikifungwa, saa nne asubuhi, nasikia chai ya jirani ikichemka nikiwa kwangu. Watoto ni watatu, na mmoja anahama mwisho wa mwezi.

Mwezi wa kwanza nilikwenda Kenyatta Market kusukwa. Unamkumbuka Lornah, yule aliyekuwa akikukalisha juu ya ubao uliolazwa kwenye mikono ya kiti ili kichwa chako kimfikie? Kiti kipo na ubao upo. Siku hizi juu yake ameweka chupa ya chai. Nilimuuliza mtoto wa mwisho kukalia ubao ule alikuwa nani, akafikiri mpaka mkono ukasimama kichwani mwangu, asikumbuke.

Kisha mwezi wa pili akaja msichana wa kuhesabu watu, anaitwa Kavata, na tableti yake. Akaniuliza nilizaa wangapi. Saba. Wako hai wangapi. Watatu. Aliona haya, nikampa chai. Nikamwambia na yeye anijibu langu: watoto wamekwenda wapi? Akanifungulia ramani ya nchi yote. Akasema palipo peusi ni pale ambapo mwanamke bado anazaa wengi, na panapofifia ni pale wanapozaa mmoja, wawili, basi. Katikati pamefifia, Nairobi hii na kote kwa kina Nyakio, na weupe umeenea hadi kwetu kwenye ziwa, ambako dada yangu alizaa kumi na mmoja na wajukuu zake wanazaa wawili na kuomba radhi.

Nikamwambia hii ni jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Tone la jiki likidondoka kwenye kitenge halikai pale lilipodondoka. Hutembea. Ukilitazama halionekani likitembea, ukigeuka kuchukua kibanio limefika pindoni. Kavata alicheka, kisha akaacha kucheka, akaifunika tableti.

Kabla hajaondoka nilimwomba anionyeshe Wajir. Ni juu, upande wa kulia, na bado ni peusi tititi. Nikaweka kidole changu hapo ulipo. Nikafikiri, mjukuu wangu ni muuguzi wa wazazi mahali ambapo watoto bado wanakuja kwa wingi, anawapokea kutwa nzima kwa mikono ile ile ya mama yake, na jioni mikono inarudi nyumbani mitupu. Sitakuficha kwamba nililia. Nililia kwa hasira, si kwa huruma. Subiri.

Mwezi wa tano Shiru, mjukuu wa Nyakio mwenye ploti, akajifungua msichana. Shiru na mumewe Mbugua wanaishi Muthangari, na ukitaka kujua ni jengo gani, ni lile lile la koti la mbwa. Shiru alikuja Kinoo kutunzwa na nyanyake. Kwa desturi yao msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa mume, kwa hivyo mtoto akaitwa Waceke. Wa pili angetoka upande wa Shiru. Lakini Shiru alikwisha kusema huyu ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho. Nyakio alimenya viazi siku hiyo kuliko watu waliokuwepo wa kuvila.

Mtoto akaanza kulia. Siku tatu. Najua wewe utasema ni tumbo. Daktari naye alisema tumbo, akatoa dawa, mtoto akaililia na dawa pia. Siku ya tatu, saa tisa mchana, Shiru alikuwa na macho mekundu na Nyakio amechoka kuimba. Nikaingia kuomba chumvi. Nyakio akanikabidhi mtoto kama mtu anayekabidhi mzigo mlangoni.

Hapa ndipo nilipokosea. Sikukusudia. Mdomo ulifanya kazi uliyoizoea, kama mkono unavyofuta meza wakati mtu anaongea mambo mengine. Nilianza kuwataja wafu wangu juu ya mtoto wa watu. Nikamtaja mama mkwe. Nikamtaja mama yangu. Nikamtaja shangazi yangu yule mchokozi. Mtoto analia tu. Nikasema la mama yako, Awiti.

Alinyamaza. Mtoto aliyechoka hushuka polepole, kwa kwikwi, wewe unajua. Huyu alinyamaza kama mtu aliyesikia jina lake sokoni. Akafungua macho akanitazama, na upande wa kushoto wa mdomo ukapinda kidogo, vile alivyokuwa akiupinda mama yako akisikia uongo.

Shiru akasimama, akaniita nyanya kwa lugha yao. "Shosho, umemfanya nini?"

Nilimrudisha mtoto, nikaenda kwangu, na chumvi nikaisahau. Jioni ile Mbugua alikuja, akasimuliwa. Ni kijana mwenye adabu. Alisema kwa upole kwamba kwao hakuna habari ya kuita wafu, mamake akisikia mtoto mwenye jina lake ameitwa jina la marehemu wa watu wengine itakuwa vita, na akawapakia mke na mtoto kwenye gari wakarudi Muthangari. Nilikaa kitandani nikaona nimefanya jambo baya mara mbili. Nimemwiba mtoto wa jirani kwa mdomo, na mama yako nimemwita mlangoni kisha nikaacha mlango ufungwe usoni mwake. Hilo ndilo nililokulaumu wewe. Mimi ndiye niliyelifanya.

Siku tatu baadaye Nyakio aligonga kwangu asubuhi, amevaa kofia ya kanisani ingawa ilikuwa Alhamisi. Mtoto hajanyamaza tangu wamtoe Kinoo. Hanyonyi vizuri tena. Majirani wameandika kwenye simu, katika kundi lao la jengo, wakiuliza kelele hiyo ripoti yake inapelekwa wapi. Nyakio akaniambia vaa viatu.

Mlinzi wa getini hakutuuliza nyumba namba ngapi. Alituuliza, "Mnaenda kwa mtoto?" Jengo la gorofa saba, Millicent, na mtoto ni mmoja.

Kilio tulikisikia tangu chini. Lifti ilitufungulia gorofa ya nne, na njia nzima ya kati milango ilikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono, minyororo ikiwa imefungwa kwa ndani. Kwenye kila ufa kulikuwa na jicho. Watu wazima, wamevaa vizuri, wengine na vikombe vya kahawa mkononi. Hawakuonekana kukasirika. Walikuwa wanasikiliza, kama watu wanaosikiliza lugha waliyowahi kuijua. Yule mbwa wa koti jekundu alitoka akakaa kando ya ukuta, na hakubweka.

Hapa nikukumbushe jambo ambalo mama yako hakupenda lisimuliwe. Nilikuwa nimezika watoto watatu alipozaliwa. Kwa hivyo mkunga hakunipa mikononi. Alimbeba katika ungo akamweka kando ya barabara, pale kwenye kona ya ploti, ili kifo kikipita kione ni kitu kilichotupwa. Anayefaa kumwokota mtoto kama huyo ni mtu wa nje. Nyakio alikuwa bibi arusi wa miezi mitatu, ametumwa maji, hajui neno moja la kwetu. Mkunga akamwonyesha kwa mikono. Akamwokota, akaja naye mlangoni kwangu akasema ameokota mtoto, je, nitamlelea? Ndiyo maana akaitwa Awiti, aliyetupwa. Akaishi. Na Nyakio hajawahi kuniita Awuor hata siku moja. Miaka hamsini na tatu ananiita Mama Awiti.

Basi pale Muthangari Nyakio alimchukua mtoto kutoka kwa Shiru. Akavua leso yake, akaitandaza sakafuni nje ya mlango, akamlaza mtoto juu yake. Shiru akapiga hatua, Mbugua akamshika mkono, sijui kwa nini, labda alikuwa amechoka kupita kiasi cha kukataa. Nyakio akasimama kando.

"Mama Awiti," akaniambia, "mimi nilikuokotea wako. Leo niokotee wangu."

Nikainama. Goti lilipiga kelele na mimi nikalinyamazisha. Milango yote ile ilikuwa kimya, mtoto peke yake analia chini kwenye vigae, mwekundu, mikono hewani. Nikamwinua. Nikasema kwa sauti, "Nimeokota mtoto. Jina lake ni Awiti. Nani atanilelea?"

Shiru alinitazama, akamtazama nyanyake, akatazama zile nyufa za milango na macho yaliyo ndani yake. Kisha akasema, "Mimi," akanyoosha mikono.

Mtoto alinyamaza kabla hajafika kwake, angali hewani kati yetu. Ukimya ukashuka ngazi hadi chini. Tukasikia milango ikifungwa, mmoja, mwingine, mwingine, polepole, kama watu wanaotoka matanga. Wa mwisho ulichelewa kufungwa. Nilimwona mwanamke wa makamo amesimama nyuma ya mnyororo, mkono wake mmoja umeshika tumbo lake chini ya blauzi, na nadhani yeye mwenyewe hakujua.

Mbugua alisema kwenye cheti abaki Waceke na mamake aambiwe hivyo. Nyumbani mtoto aitwe anavyotaka mwenyewe, mradi baba yake alale. Alilala pale pale kitini, na viatu.

Kesho yake mchana nilijilaza, nikauona mfereji. Mtungi wa manjano umeachwa kando, umejaa hadi shingoni. Pengo la mama yako limezibwa, wengine wamesogea hatua moja. Zadock alinipungia mkono. Nikatazama nyuma ili nione foleni imefika wapi, na mwisho kabisa kulikuwa na mwanamke mzee amenipa mgongo, kandambili za buluu, mguu wa kushoto umekunjwa kidogo. Kandambili zile nilizinunua mwaka huu. Sikumzunguka kumtazama uso. Ila niliona kwamba nyuma yake hakuna mtu, na foleni haiendi.

Sikuandiki haya ili uzae. Uisome sentensi hiyo mara mbili, maana niliifuta na kuiandika mara nne. Neno nililokuambia siku ya mazishi nalirudisha kinywani, na ni chungu, na nalimeza. Hukumfungia mama yako mlango wowote. Alipita mlango mwingine, wa mwanamke aliyewahi kumwokota, na hakungoja ruhusa yangu wala yako. Mikono yako si mitupu. Nimefikiri sana juu ya watoto unaowapokea huko peusi, na nimejiuliza ni nani kati ya wafu wa watu wale anayetulia kwa sababu wewe ulikuwa wa kwanza kumshika. Mimi nitakapofika mwisho wa foleni nitajisimamia mwenyewe. Nimezoea kungoja maji.

Mjomba wako Maxwell anakusalimu kutoka Kisumu, amenunua miwani na sasa anajifanya anasoma gazeti. Lenox, binamu yako, anauliza kama ni kweli kuna joto la kuivisha yai huko. Lornah anasema ubao wako upo. Nyakio anakusalimu kuliko wote na anataka ujue kwamba dirisha la nne bado hujaomba msamaha. Nisalimie Ryan, na wanawake wa zamu yako.

Mungu akutangulie kwenye kila mlango unaoingia, na aliyetoka humo kabla yako akuachie baraka.

Njoo Desemba. Shiru huja na mtoto kila Jumapili baada ya kanisa, na Nyakio humkalisha kwenye mkeka mlangoni pake. Usipite kwangu kwanza, wala usibebe zawadi. Simama pale kwenye kona ya ploti, mahali mama yako alipowekwa katika ungo, na useme Awiti, mara moja tu, kwa sauti yako ya kawaida. Usirudie. Akigeuza kichwa usimkimbilie. Keti chini hapo hapo kwenye vumbi, umwache akutazame mpaka atosheke, kwa maana ana miaka sita ya kukutazama.

Dani wako, nyanya yako asiyechoka kukupenda,
Awuor